Mkaja Mmoja, Viuno Vitatu

Sogeeni karibu. Mwenye hasira zake asiziache mlangoni, aingie nazo, hadithi hii ina mahali pa kuzikalisha. Na mwenye usingizi ajikaze, maana mwishoni nitauliza swali, na jibu la mtu anayesinzia silitaki.

Palikuwa na wanawake watatu, marafiki, wapangaji wa nyumba moja ya bati huko Muheza, mtaa wa nyuma ya stesheni. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, mlango wake na kero zake. Lakini uani palikuwa na banda moja tu la kupikia, na humo majiko yao ya mkaa yalitazamana.

Wa kwanza aliitwa Sikudhani. Huyu alijaliwa huruma isiyouliza maswali. Ukimjia unalia, atakushika kwanza. Kilichokuliza atakuja kukisikia baadaye.

Wa pili aliitwa Mwantumu. Huyu alijaliwa mikono. Unga ukipita kwenye vidole vyake ulikuwa kama umeambiwa la kufanya. Mkate wake wa kumimina watu waliutambua kwa macho, kabla hawajaonja.

Wa tatu aliitwa Tausi. Huyu alijaliwa mdomo. Sisemi umbea, maana umbea ni wa wengi. Nasema mdomo: neno la kweli lilimtoka limenyooka, mbele ya mwenye nyumba, mbele ya shehe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na halikurudi ndani.

Basi banda lile likawa shule yao, hospitali yao na mahakama yao. Ushauri ulipita mkononi pamoja na miiko.

"Shoga, tui langu limekatika."

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Wifi yangu."

"Ndiyo maana. Tui la kwanza linataka ulikoroge, ulitazame usoni mpaka lichemke. Wifi mwache, huyo hata umkoroge mwaka mzima haivi."

Wakicheka, waliokuwa barazani walisikia. Wakilia, hakusikia mtu.

Zamani walikuwa wanne. Wa nne aliitwa Mwanahawa, naye alikufa kwa homa, akaacha mtoto wa kike ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Baba wa mtoto, Mbaruku, alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya mkonge na kurudi nyumbani mara chache. Akamwita dada yake, Mwanajaa, amchukue mtoto. Mwanajaa akaja, akamfunua yule mtoto usoni, akamfunika tena.

"Nitalea nini hiki?" akasema. "Hakina hata meno." Akaondoka na kanga za marehemu.

Mtoto huyo ndiye Zamda. Na hasira yake ndiyo hadithi yenyewe.

Sikilizeni alivyokua.

Siku ambayo shangazi yake aliondoka, Zamda alilazwa kwenye mkeka ukumbini, analia njaa. Sikudhani alikuwa akimnyonyesha mwanawe, Athumani. Akamhamishia Athumani ziwa moja, akamwokota Zamda, akamweka kwenye ziwa la pili. Hakumwuliza mtu. Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na miezi ikapita. Mumewe, Shekalaghe, akaanza kununa, kisha akaanza kusema.

"Mwanangu anakonda. Unamgawia maiti chakula cha mwanangu."

"Huyu si maiti. Anavuta mpaka naumia."

"Chagua. Yeye au mimi."

Sikudhani akamtazama mtoto wa kulia, akamtazama wa kushoto. "Athumani ana baba wa kumsemea," akasema. "Huyu hana. Nimeshachagua."

Akapewa talaka yake. Akawa anafua nguo za watu, mgongo umepinda, watoto wawili kando ya beseni. Wenzake walipomwuliza kama anajuta, alijibu, "Aliniambia niache kunyonyesha au niache kuolewa. Kuolewa nilikuwa nimeshakuona kulivyo." Wakacheka mpaka machozi. Kisha Mwantumu na Tausi wakasema kwa pamoja, "Shoga, mkaja wa mtoto huyu ni wako."

Mnaujua mkaja? Mwanamke akijifungua hufungwa kitambaa tumboni, tumbo lirudi. Binti akija kuolewa, upande wa bwana harusi huleta kitambaa cha kumshukuru mama kwa tumbo lile. Kwa watu wa hadithi hii hakikuwa bahasha wala doti ya kanga. Kilikuwa kitambaa kimoja cha marikani, kirefu, kimefukizwa udi, na binti mwenyewe ndiye aliyekifunga kiunoni mwa mama yake, mbele za watu. Aliyefungwa ndiye mama. Hakuna wa kubisha tena baada ya hapo.

Zamda akaota meno, akatambaa, akasimama. Alipokuwa mkubwa wa kukimbia lakini si wa kutazama anakokimbilia, Mwantumu alikuwa anakaanga maandazi. Karai limejaa mafuta, mafuta yanachemka. Zamda akaja mbio akimfukuza kuku, akajikwaa, akaupiga mguu wa jiko. Karai likainama upande wake. Mwantumu hakuwa na wakati wa kutafuta kitambaa. Akalidaka karai kwa mikono mitupu, akalishikilia, akaligeuza, akalitupa ukutani. Zamda hakupata hata tone. Anachokumbuka mpaka leo ni kwamba Mwantumu hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Mtoeni mtoto. Mtoeni mtoto hapa."

Mikono ilipona vibaya. Vidole vikajikunja, havikunyooka tena. Mwanamke aliyekuwa akijipatia riziki kwa mikono yake hakuweza hata kukunja leso. Mwaka ule alilia, kisha akanyamaza, kisha akakalia kigoda na kumwita Zamda.

"Njoo hapa. Wewe sasa ndiye mikono. Loweka mchele. Sio hivyo, maji yafunike kabisa. Twanga. Chekecha. Usiupige unga, ubembeleze. Chachu haipendi papara. Subiri mpaka uone unapumua."

"Unapumua vipi, Mama?"

"Kama wewe ulivyokuwa unalala."

Kila alichokijua akakitoa. Na wateja wake akawatoa: aliwaambia mmoja mmoja kwamba mkate sasa ni wa Zamda. Sikudhani na Tausi wakamtazama rafiki yao akijaribu kushika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Wakasema, "Mwantumu, mkaja ni wako. Hatuna la kuongeza."

Zamda akarefuka. Akafika darasa la saba, magauni ya shule yanambana. Ndipo shangazi Mwanajaa akaonekana tena, na hakuja peke yake. Alimleta kaka yake, Mbaruku, na alimleta mposaji: Hemedi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndevu nyeupe, wajukuu wawili. Nyumba ya Mwanajaa ilikuwa inavuja, na Hemedi alikuwa anauza bati.

Sasa sikieni kilicho kigumu. Hemedi alikuwa kaka wa Tausi, tumbo moja. Ndiye aliyemlipia Tausi kodi ya chumba mumewe alipokufa. Ndiye aliyekaa na mama yao mgonjwa. Watu wakatazama Tausi atafanya nini. Tausi akatoka uani, unga mikononi, akasimama katikati ya ukumbi.

"Kaka, umepotea njia? Duka liko kule."

"Tausi, haya ni mambo ya wazee."

"Mzee ni wewe. Yeye ana gauni la shule. Unataka kuoa, au unataka mtoto wa kukufunga kamba za viatu?"

"Chunga mdomo wako. Mimi ndiye ninayekuweka mjini."

"Basi niondoe mjini! Lakini ukimgusa mtoto huyu nitakuvua kilemba kuanzia hapa mpaka sokoni, na kila kituo nitasimama nieleze kwa nini."

Na hakuishia mdomoni pale. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikwenda ustawi wa jamii. Alisimama shuleni mbele ya walimu akamtaja kaka yake kwa jina lake na la baba yao. Posa ikavunjika kwa aibu. Hemedi akatangaza kwamba hana dada. Na mama yao alipofariki, Tausi alikuta mlango umefungwa. Alimlilia mama yake akiwa amesimama kwenye kibaraza cha jirani, jeneza likipita mbele yake kama la mtu asiyemjua. Aliporudi uani, Sikudhani na Mwantumu walimpokea wakamkalisha. "Tausi," walisema, "mkaja ni wako. Tumeshasema."

Mmeliona kosa lao? Ni kosa la watu wa uani, watu wanaopeana kila kitu, chumvi, mkaa, viazi, mpaka wakafika kupeana kisichogawanyika. Kila mmoja aliahidiwa na wenzake wawili. Kila mmoja aliahidi. Wote walisema kwa moyo mweupe, wote walisema wakicheka au wakilia. Hakuna aliyedanganya.

Siku ikafika.

Zamda alikuwa mwanamke sasa, mikate yake inakwenda mpaka Tanga mjini. Alijitafutia mchumba mwenyewe, Sufiani, fundi umeme, kijana aliyekuja kutengeneza swichi ya ukumbini akarudi mara kadhaa kuitengeneza swichi ile ile. Wakwe wakaja kwa msafara, wakiongozwa na Bi Mwanamvua, bibi mdogo wa bwana harusi. Sinia lilikuwa kichwani, na juu ya sinia, chini ya kawa, kilikuwepo kitambaa.

Zamda alipoingia ukumbini kuwasalimia, alimwona nani kwenye kiti cha mbele? Mwanajaa. Amepaka hina. Amejipaka wanja. Na kanga ya kiunoni ameshailegeza, ili mkaja ukifungwa ukae vizuri.

Damu ilimpanda Zamda mpaka masikioni. Alisikia sauti za watu kama ziko chumba cha pili.

"Tumekuja, tumepokelewa," Bi Mwanamvua alisema. "Sasa tuonyesheni mama."

Mbaruku alikohoa. Alikuwa amezeeka, mkonge ulikuwa umemkausha. "Mama yake ni marehemu, mnajua. Lakini dada yangu yupo. Yeye ndiye damu. Mkaja uende kwake."

"Hapana," Zamda alisema.

"Mwanangu, kuna wageni."

"Ndiyo, Baba, na wasikie. Shangazi, kaza kanga yako. Hakuna kinachokuja hapo."

Mwanajaa akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba msaada kwa waliokaa. "Mnausikia ulimi? Huo si wa kwetu. Huo amefundishwa na Tausi."

"Amenifundisha, ndiyo. Na mifupa hii ilijengwa na maziwa ya Sikudhani. Na mkate uliokuwa unautafuna sasa hivi, Shangazi, nimefundishwa na Mwantumu. Wewe ulinifundisha nini? Bei ya bati?"

Mtu mmoja kwenye msafara alishindwa kuzuia kicheko. Mbaruku akapiga goti lake kwa kiganja.

"Basi!" akasema, na sauti yake ilitetemeka, haikujulikana kama ni kwa ghadhabu au kwa aibu. "Unasema una mama. Mlete. Mmoja, asimame hapa. Chakula kikipakuliwa hajafika, mkaja ni wa dada yangu, na neno lako halitasikika tena."

Zamda akamgeukia Bi Mwanamvua. "Bibi, na kama ni zaidi ya mmoja?"

Bi Mwanamvua hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kabla ya kujibu. "Mjukuu wangu, sisi tumeleta kitambaa kimoja. Kwetu hakikatwi, maana kinachokatwa siku hiyo ni ndoa. Wala hakipokezanwi. Chukua, umfunge kwa mikono yako, halafu utuletee tumwone."

Zamda akakipokea. Akatembea kwenda uani kifua kikiwa juu. Alikuwa ameshinda. Alikuwa amemwambia shangazi yake yote aliyoyameza tangu utoto. Alifika bandani, mahali ambapo sufuria la pilau ya wageni lilikuwa limefunikwa na makaa juu ya kifuniko, na rafiki watatu wamelizunguka, jasho linawatoka.

"Mama," alisema, "wanakuita mbele. Ufungwe mkaja."

Wakasimama wote watatu.

Mwiko ulianguka. Walitazamana. Tausi akacheka kwanza.

"Mwantumu, kaa bwana. Pilau itaungua."

"Kaa wewe. Pilau siishiki mimi, si ya vidole hivi."

"Jamani," Sikudhani alisema kwa upole, na bado amesimama, "mlisema wenyewe. Athumani hajaacha hata ziwa, mlisema ni wangu."

"Na mimi mliniambia!" Mwantumu alisema. "Nahangaika kushika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Mlikaa huku na huku mkaniambia."

"Na mimi je?" Tausi alisema. "Ile siku ya msiba?"

"Shoga, tulikuwa tunakufariji."

"Mlikuwa mnanifariji."

"Maneno ya jikoni, Tausi. Utani," lilimponyoka Mwantumu.

"Utani?" Sikudhani ndiye aliyeligeukia neno hilo, na upole ulikuwa umemtoka. "Kwa hiyo mimi niliachika kwa utani?"

"Na vidole hivi," Mwantumu alisema, akiviinua, "ni utani?"

"Na mama yangu sikumzika kwa utani!" Tausi alipiga kelele. "Nilisimama kwa watu, nikatazama jeneza la mama yangu kama natazama gari moshi!"

Kisha yakaja yale ambayo marafiki huyajua juu ya marafiki, na kwa sababu ni marafiki huwa hawayasemi.

"Maziwa hata mbuzi anayo," Mwantumu alimwambia Sikudhani. "Na mume wako alikuwa anatafuta sababu tangu zamani, ulitwambia mwenyewe hapa hapa."

"Na karai nani aliliacha njiani, mtoto anapita?" Sikudhani alijibu. "Uliunguzwa na uzembe wako, tukakuita shujaa ili usilie."

"Semeni, semeni," Tausi alisema, mikono kiunoni. "Mimi nilikwenda mpaka serikalini."

Sikudhani na Mwantumu walimgeukia kwa pamoja, kana kwamba kwa hili tu walikuwa bado wanakubaliana. "Aliyetaka kumwoa alikuwa kaka yako!" Mwantumu alisema. "Ulisafisha uchafu wa kwenu, unataka tukulipe kwa ufagio?"

"Nyamazeni!"

Zamda aliupiga upawa kwenye sufuria, makaa yakaruka kifunikoni. Mikono ile iliyojua kubembeleza unga ilikuwa imekikunja kitambaa mpaka kimefanya makunyanzi.

"Nimetoka kule mbele nimejigamba. Nimemwambia Shangazi machoni kwamba nina mama. Sasa nirudi nikawaambie nini? Kwamba uani nina madalali watatu? Mnanigombania kama kichwa cha samaki! Kumbe mlikuwa mnaweka akiba? Kila siku niliyokula hapa, mlikuwa mnaweka alama ukutani?"

"Usituseme hivyo, Zamda," Sikudhani alisema.

"Niwaseme vipi? Mwenye damu anakitaka kitambaa, nikaona ni uroho. Nyie mnakitaka, nikiite nini?"

Hapo waliumia, wote, kwa sababu lilikuwa neno lisilo la haki, na Zamda alijua si la haki lilipokuwa bado mdomoni. Hawakutaka kitambaa. Walitaka, mara moja tu maishani, mtu asimame mbele za watu aseme: gharama ile niliiona. Hilo si uroho. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sikudhani akakaa. Aliupa moto mgongo. "Sitaki," akasema. "Mpe mwenye vidole."

Mwantumu akakaa, akaelekea ukutani. "Mimi? Hata kuufungua nikiwa peke yangu siwezi. Mpe mwenye mdomo, atautangaza."

Tausi akavuta kigoda chake mpaka kwenye kona, akakaa. "Mpe aliyekunyonyesha. Mimi kibaraza cha jirani nimeshakizoea."

Wale wale waliokuwa wanagombea kuinuka, sasa wanagombea kukaa. Na msidhani ni unyenyekevu. Zamda aliwajua, alikua katikati yao. Ilikuwa hasira ya mtu anayesukuma sahani aliyoitamani, ili aone kama atabembelezwa. Yeyote atakayemfunga, wawili waliobaki watapakua chakula na kukipeleka mbele, watamwona mwenzao ameketi kwenye kiti, anaitwa mama, na usiku huo kila jiko litaondoka bandani likawashwe mlangoni kwa mwenyewe. Na asipomfunga yeyote, kiti kile kina mtu tayari.

Pilau ilianza kunukia, ile harufu ya mwisho, sekunde chache kabla ya kushika chini. Hakuna aliyegeuka kuiangalia. Zamda mwenyewe akaiepua. Mkononi kitambaa, mkononi sufuria, machozi ya ghadhabu yanamwingia mdomoni.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Alikuwa Mwanajaa. Alitazama migongo mitatu, akatazama kitambaa, na uso wake ukafunguka.

"He! Mama watatu wamekuwa hakuna hata mmoja?" Akanyoosha mkono wenye hina. "Wageni wana njaa, mwanangu. Lete. Mimi sina kinyongo."

"Rudi ukakae, Shangazi," Zamda alisema. Alisema taratibu, na kwa mara ya kwanza siku ile Mwanajaa aliogopa. "Mama yangu anakuja."

Mwanajaa akarudi nyuma. Mlango ukafungwa. Migongo mitatu ilikuwa imesikia, na migongo yote mitatu ilinyooka kidogo.

Zamda akakikunjua kitambaa chote, akakishika ncha na ncha. Akapiga hatua.

Hapo nasimama, jamani, na nyie msinikimbie.

Najua mnavyofikiri. Msiniambie akikate, mmemsikia Bi Mwanamvua. Msiniambie wapokezane. Msiniambie ampe mkubwa wao, wale walizaliwa msimu mmoja. Na usiniambie wewe wa nyuma, ninayekuona unataka kusema, kwamba mkaja ni wa Mwanahawa aliyemzaa, upelekwe makaburini. Kaburi halina kiuno, na Mwanajaa anasubiri neno kama hilo.

Bila maziwa, Zamda asingefika kwenye karai. Bila mikono ile, asingefika kwenye posa. Bila mdomo ule, asingefika kwenye siku hii. Mmoja alitoa ndoa yake, mmoja alitoa mikono yake, mmoja alitoa ndugu zake. Ukisema maziwa ni zaidi, nenda kamwambie Mwantumu huku unavitazama vidole vyake. Ukisema vidole, nenda kamwambie Tausi. Ukisema mdomo, mpitie Sikudhani kwenye beseni lake la nguo, umweleze.

Mbele wameanza kupanga sahani. Binti yuko uani, kitambaa kimenyooshwa, migongo mitatu haijageuka.

Haya, wewe. Ndiyo, wewe uliyetikisa kichwa. Ungemfunga nani? Na wale wawili ungewaambia nini?